Nywele ndefu na joto la Kisumu: mnafunga, mnasuka ama mnanyoa tu?

#1 NyarDunga
Habari zenu. Naomba msaada kabla sijashika makasi. Nywele zangu ni za asili, kipilipili haswa, na huu ni mwaka wa nne sijazitia dawa. Nikizivuta zinashuka chini ya mabega, nikiziachilia zinajikunja na nusu ya urefu inapotea. Shida ni joto. Tangu Januari iingie, Kisumu haikaliki. Saa tano asubuhi jasho limeshaanza kutiririka kisogoni, na ikifika saa nane ngozi ya kichwa inaniwasha hadi natamani kujikuna na uma.

Nimejaribu kufunga fundo utosini: shingo ikapata nafuu, utosi ukawa kama umebebeshwa sufuria ya uji. Nikaachilia afro: shingo ikaloa. Nikasuka nywele bandia za kufika kiunoni, na hizo ndizo zilikuwa blanketi kabisa. Wenye nywele ndefu mnaoishi huku chini, mnafanyaje? Na tafadhali msiniambie ninyoe, hilo nalijua.

#2 BodaKondele
Nyoa.

#3 NyarDunga
Nilijua tu. Asante kwa kufungua uzi.

#4 MsusiKibuye
Dadangu, mimi nasuka watu mwaka wa kumi na moja sasa, na kila Januari nasikia kilio hiki. Watu wanabishana kama nywele zikae juu ama chini, na wanasahau njia. Njia ni ile mistari ya ngozi inayobaki wazi kati ya tuta na tuta. Hewa inapita hapo. Matuta manane mapana kiasi, yakianzia kisogoni yakipanda mpaka utosini, bila nywele bandia, kisha zile ncha unazikusanya na kibanio bila kuzikaza. Kisogo kinabaki uchi na jasho likitoka linapata pa kukaukia.

Hizo za kiunoni usinitajie. Mteja ananiletea pakiti nne, tano, halafu baada ya wiki anarudi akisema kichwa kinamchemka. Nywele bandia nyingi ni jamii ya plastiki, hazinywi maji. Jasho lako linabaki pale pale chini yake, limekwama. Ndiyo maana hata tunazitumbukiza ncha kwenye maji moto zishikane: zinalegea kama mfuko wa nailoni.

Kitu kimoja tu: usikubali msusi akuvute nywele za kipajini mpaka nyusi zipande. Ukivutwa hivyo miezi na miezi, zile za mbele zinaondoka, na zikikaa sana bila kupumzishwa hazirudi tena.

#5 FizikiaMaseno
Nampinga MsusiKibuye kwa heshima zote. Hizo njia anazozisifu ndizo madirisha ya jua.

Mwaka 2023 watafiti kadhaa, wakiwemo Tina Lasisi na Nina Jablonski, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa sanamu la mtu linalopashwa joto kwa umeme. Walilivisha mawigi matatu ya nywele za binadamu: ya singa, ya mawimbi, na ya kipilipili kilichojikunja sana. Wakalimulika kwa taa kali kama jua. Kila wigi lilipunguza joto la jua lililofika kichwani, lakini la kipilipili liliyashinda yote. Sababu yenyewe ni rahisi: nywele za singa zinalala juu ya ngozi, za kipilipili zinasimama zenyewe. Ni kama paa la makuti. Jua linaishia juu, chini yake kuna hewa. Sasa wewe unamwambia mtu mwenye paa alibomoe aweke mitaro!

Na jambo jingine, maana naona mleta uzi anahesabu saa. Watu wengi hudhani jua letu huwa kali utosini saa sita kamili. Saa za Kenya zimepangwa kufuata longitudo ya 45 mashariki, na Kisumu iko karibu na 35. Jua letu huchelewa kwa dakika arobaini hivi, na Februari karibu saa nzima. Kivuli chako kinakuwa kifupi kabisa saa saba kasoro. Kwa hivyo ukitoka kivulini saa sita na nusu ukidhani jua limeshageuka, umejiingiza mwenyewe.

#6 BodaKondele
Mwalimu umeandika mpaka simu yangu ikapata joto. Anyoe ama asinyoe?

#7 WaFreeArea
Poleni watu wa ziwani. Huku Nakuru tunalala na blanketi mbili na nywele zangu zafika mgongoni, sijui hata jasho la kichwa ni nini. Lakini nyinyi mmejenga mji juu ya ikweta kabisa, mlitarajia nini?

#8 MwalimuBungoma
WaFreeArea, rekebisha hapo. Ikweta inapita Maseno. Mji wa Kisumu uko kusini yake kidogo. Na Nakuru nayo haiko hata nusu digrii kutoka kwa huo mstari, kwa hivyo ikweta haikusaidii kujivuna. Kinachowapa blanketi ni mwinuko. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, Nakuru inapita 1,800. Kila ukipanda mita elfu, joto linapungua karibu digrii sita na nusu. Piga hesabu.

#9 WaFreeArea
Nimepiga. Jibu ni: bado nina blanketi mbili.

#10 NyarDunga
Nimesoma zote, asanteni. Kuna kitu nilisahau kusema na naona kitabadilisha mambo. Mimi nakaanga samaki. Niko mbele ya karai kuanzia saa nne mpaka jioni, mafuta yanachemka, jiko la makaa liko hapa kwenye magoti, na juu kuna bati. Si jua peke yake. Ndiyo maana afro ilinishinda: inakusanya moshi na harufu, nikifika nyumbani watoto wanajua leo ilikuwa ngege ama mbuta kabla sijafungua mdomo. Na zile za kiunoni nilizifumua baada ya ncha moja kugusa makaa. Haikuwaka moto, iliyeyuka. Ikawa tone jeusi, likanigusa mkononi, kovu lipo.

Kwa hivyo lazima nifunike kichwa kwa leso, kwa usafi na kwa usalama. Na leso ndiyo inanimaliza.

#11 MsusiKibuye
Sasa dada, mbona hili halikuwa mstari wa kwanza! Tumepigana kuhusu jua bure na wewe uko chini ya bati.

#12 FizikiaMaseno
Bati linabadilisha hesabu, nakubali. Jua la moja kwa moja limeondoka, lakini bati likipata moto nalo linatoa joto kuja chini, na karai linatoa upande wa usoni. Paa la nywele bado lina kazi.

#13 MsusiKibuye
Mwalimu hatashindwa leo wala kesho.

#14 KalasinghaWaHadiwea
Habari za mchana. Naingia kwa sababu nadhani hapa mimi ndiye mwenye nywele ndefu kuliko wote na ni mwanamume. Sisi Masingasinga hatukati nywele. Za kwangu ni singa, zinafika kiunoni, na nimekaa Kisumu miaka yangu yote. Babu wa babu yangu alikuja na reli wakati huu mji ukiitwa Port Florence, reli ilipofika mwaka 1901. Tangu hapo tunatoka jasho hapa pamoja nanyi.

Tunachana, tunazisokota, tunafunga fundo mbele kidogo ya utosi, kisha kilemba. Watu huniuliza, "Bhai, husikii joto?" Nasikia. Lakini kilemba cha pamba nyepesi si mzigo kama mnavyodhani. Kitambaa kina mikunjo mingi na kati ya mikunjo kuna hewa. Rangi nyeupe ama ya maziwa wakati wa Januari, nyeusi naiweka ya harusi za jioni. Siri kubwa iko kwa kitu kingine: usifunge nywele zikiwa na unyevu, hata kidogo. Nywele hunywa maji mengi. Ukizifunga mbichi, unabeba sponji kutwa, na jioni kuna harufu na kuwashwa. Mimi nikiosha Jumapili, sifungi mpaka zikauke kabisa, hata wageni waje.

NyarDunga, hiyo leso yako ni ya pamba ama ni hizi za kuteleza?

#15 NyarDunga
Bhai Singh, umenishika. Ni ya kuteleza. Niliinunua kwa sababu inatoka mafuta haraka nikifua.

#16 KalasinghaWaHadiwea
Basi umejifunga mfuko wa plastiki. Anza hapo.

#17 DrediNjoro
Singh amesema ukweli kuhusu maji. Dredi zangu za miaka tisa nikiosha zinachukua siku mbili kukauka, na Njoro hakuna jua la kuchezea. Nikizikunja mbichi zinanuka kama gunia. Joto silijui sana ila nikishuka Kisumu kwa jamaa zangu, nazigawa mbili, moja kila upande mbele ya mabega, kisogo kinabaki wazi. Mtu anakuonea ajabu lakini shingo inapumua.

#18 DaniAlisema
Dani yangu, yaani bibi yangu, wa Ugenya alinishangaa siku moja akiniona nikilipia nywele. Akasema zamani zao wanawake wengi walikuwa na kichwa kifupi na hakuna aliyelalamika joto. Na mtu akifiwa alinyolewa kabisa. Kwa hivyo BodaKondele hajakosea sana, amekosa tu adabu.

#19 BodaKondele
Asante dada. Nimeheshimiwa mara ya kwanza humu.

#20 MwalimuBungoma
Na shuleni je? Sisi tunawanyoa wasichana tukisema ni usafi na joto. Binti yangu anasoma bweni, kichwa kama yai, na analalamika jua linamchoma utosi akiwa gwaride. Sasa nikimsoma FizikiaMaseno naanza kujiuliza.

#21 DrediNjoro
Mwalimu, mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema mwanafunzi wa imani ya Rastafari asifukuzwe shule kwa sababu ya dredi zake. Joto halikutajwa lakini nilifurahi.

#22 MwalimuBungoma
Hiyo ilikuwa habari ya imani, usiipanue mpaka ifike kwa kila mtu anayetaka kusuka. Lakini turudi kwa samaki.

#23 FizikiaMaseno
Jana nilifanya jaribio na kidato cha tatu. Chupa tatu za maji za nusu lita, zote sawa, tukaziweka uwanjani saa saba kasoro. Moja tukaiacha bila kuifunika, moja tukaifunika wigi la kipilipili la mke wangu (nimeruhusiwa, msiulize kwa bei gani), moja wigi la singa la mwalimu wa historia. Baada ya saa moja, chupa isiyofunikwa ndiyo ilikuwa ya moto kuliko zote, ikafuata ya singa, na ya kipilipili ikawa ya mwisho. Nimemaliza.

#24 WaFreeArea
Digrii ngapi?

#25 FizikiaMaseno
Kipimajoto kilivunjika kwenye chupa ya pili. Tulimalizia kwa mkono. Wanafunzi kumi na wanane walishika, wote wakakubaliana.

#26 WaFreeArea
Wanafunzi kumi na wanane wakakubaliana na mwalimu wao. Sayansi imekamilika.

#27 MuuguziSiaya
Mwalimu, hata kipimajoto kingekuwa kizima, kuna tatizo. Chupa haitoki jasho. Kichwa cha mtu kinapozwa na jasho likikauka. Lile linalodondoka kisogoni halijakupoza, limepotea tu. Na Kisumu, kando ya ziwa, hewa yenyewe imeshiba unyevu, jasho halikauki haraka kama Lodwar. Kwa hivyo hapo MsusiKibuye ana hoja kuhusu hewa kupita. Paa la makuti ni zuri, lakini nyumba isiyo na dirisha unajua inavyokuwa.

Kisha kuna hili la kuwashwa. NyarDunga, umesema ngozi inakuwasha hadi unataka uma. Joto peke yake linaweza, lakini angalia mba na choa. Ukiona unga mweupe mwingi, ama duara lenye nywele zilizokatika, usipake chochote ulichosikia humu, nenda kituo cha afya uangaliwe. Choa huambukiza, na una watoto nyumbani wanaochangia kichana.

#28 MamaPachaLanet
Mimi nashangaa hakuna aliyetaja mafuta ya nazi. Kichwa kikiwasha, mafuta ya nazi. Kikipata joto, mafuta ya nazi. Mama yangu alitulea hivyo sisi wote saba.

#29 MuuguziSiaya
Mama Pacha, kwenye nywele sawa, yanazilainisha. Kwenye ngozi yenye mba yanaweza kuongeza shida, kwa sababu kuvu wa mba hula mafuta. Na mtu aliye mbele ya karai kutwa tayari amepakwa mafuta bila kuomba.

#30 MamaPachaLanet
Sisi wote saba tuna nywele. Nimesema.

#31 BodaKondele
Lakini si nusu ya joto la mwili hutokea kichwani? Niliambiwa hivyo nikinunua kofia ya baridi. Basi akipoza kichwa amepoza mwili wote.

#32 MuuguziSiaya
Hiyo ni hadithi ya zamani, imezunguka sana. Kichwa ni kama asilimia 10 ya ngozi ya mtu mzima, na hupoteza joto kwa kipimo hicho hicho hivi. Tunakisikia zaidi kwa sababu uso na kipaji vinahisi upesi. Ndiyo maana ukilowesha kisogo na uso unajiona umepona, ingawa mwili wenyewe bado una joto lake. Akunywe maji, hilo ndilo la mwili.

#33 JaUsenge
Oyawore. Nyinyi wote mko kwenye nywele, mimi ni mvuvi, naangalia upepo. Asubuhi ziwa limetulia, ndipo kuna ule mfuke wa kukata pumzi. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani kuja kwetu. Usiku unageuka, unarudi majini. Sisi wa usiku twaujua sana. Sasa nyarwa, karai lako limeangalia wapi? Kama kuanzia saa nane unakaa na kisogo kwa ziwa, upepo unakupiga pale pale jasho linapotoka, hata uwe na nywele za namna gani.

#34 NyarDunga
Jaduong', hiyo ni kweli kabisa na sijawahi kuiwaza. Lakini nikigeuza kisogo kwa ziwa, moshi wote unawaendea wateja kwenye viti.

#35 JaUsenge
Wateja wa samaki wanapenda harufu.

#36 NyarDunga
Harufu ndiyo. Moshi wa makaa ya mvua hapana.

#37 KukhuWaShinyalu
Mulembe. Wajukuu zangu wamenisomea uzi huu wote jana jioni na nimecheka sana. Mmetaja yote na mkasahau uzi wenyewe! Sisi tulikuwa tunasukwa kwa uzi mweusi. Unagawa nywele mafungu, kila fungu unalizungushia uzi kutoka kwa ngozi mpaka ncha, linasimama kama mhimili. Halafu unaweza kuinamisha, kuunganisha, kupinda upendavyo. Ngozi ya kichwa inaonekana yote, upepo unapita kama kwa shamba la mahindi machanga. Nywele zinanyooka bila moto, na ukifumua baada ya wiki mbili zimerefuka kwa macho. Hakuna pakiti ya kununua, uzi ni wa shilingi chache. Wasichana wa sasa wanaona haya, wanasema wanafanana na buibui.

#38 WaFreeArea
Uzi ndani ya uzi! Kukhu ametufunga wote.

#39 MsusiKibuye
Kukhu shikamoo. Nasuka uzi, na umerudi sana, hata maharusi wanataka. Ila nitasema ukweli wa kazi: uzi ukikazwa kwenye shina la nywele unakata. Na kwa mtu wa karai, zile nguzo zikisimama huwezi kufunga leso juu yake bila kuonekana umebeba kiota. Kwake bado nasema matuta.

#40 KukhuWaShinyalu
Marahaba mwanangu. Tulikuwa tunapika kwa kuni na uzi kichwani, na leso juu. Kiota ndiyo, lakini tulipika.

#41 FizikiaMaseno
Uzi unavyosimamisha nywele, unaacha jua liingie kati ya nguzo. Kwa mtu aliye nje, napendelea afro.

#42 MsusiKibuye
Huyu mtu apewe wigi lake.

#43 KalasinghaWaHadiwea
Mwalimu, lile jaribio la sanamu, nywele zilikuwa zimesukwa ama zimeachiliwa?

#44 FizikiaMaseno
Zimeachiliwa. Hawakujaribu matuta. Na wenyewe walisema nywele zote, hata za kipilipili, huzuia jasho kukauka kwa kiasi fulani; faida ni kwamba kwa sababu jua limezuiwa, jasho linalohitajika linakuwa kidogo. Nilipaswa kulisema hili mapema, nakiri.

#45 MuuguziSiaya
Yaani tangu namba 5 ulikuwa umeficha nusu ya karatasi.

#46 FizikiaMaseno
Sikuificha. Niliikunja.

#47 NyarDunga
Nimerudi baada ya wiki mbili na ripoti. Nilienda kwa MsusiKibuye (ndiyo, tumejuana, na mdomo wake ni ule ule). Alinisuka kwa mkono, matuta saba, kutoka kisogoni kwenda juu, hakuna pakiti. Ncha akazikunja pamoja upande mmoja, si utosini kabisa, leso ilale vizuri. Leso nimenunua mbili za pamba nyeupe. Saa nne naanza na kavu, saa saba navaa nyingine niliyoichovya kwenye maji ya ndoo na kuikamua. Karai nimeligeuza nusu tu, ubavu kwa ziwa, si kisogo, na wateja wamesogea viti wenyewe.

Siku ya kwanza niliona tofauti kubwa. Siku ya pili pia. Ya tatu nilirudi kuwashwa kidogo hapo katikati ya njia, lakini MuuguziSiaya alikuwa sahihi, kulikuwa na mba, nimepewa dawa ya kuoshea. Leso ya maji inapoza kwa nusu saa hivi halafu inakuwa uji wa moto kichwani, lazima uichovye tena. Kwa jumla, nimeahirisha makasi.

#48 FizikiaMaseno
Hongera. Lakini kwa haki, siku ya kwanza na ya pili huko Kisumu kulikuwa na mawingu. Niliyaona kutoka huku juu.

#49 NyarDunga
Na siku ya tatu mvua ilinyesha saa kumi. Najua mwalimu. Nimesema tofauti, sijasema ushindi.

#50 MsusiKibuye
Mawingu hayasuki mtu matuta.

#51 JaUsenge
Ni upepo. Amegeuza karai nusu na amepata nafuu nusu. Ageuze lote tuone.

#52 KalasinghaWaHadiwea
Ni pamba.

#53 MamaPachaLanet
Na dawa ya kuoshea akimaliza, apake mafuta ya nazi.

#54 WaFreeArea
Nilishuka huko wikendi kwa harusi ya rafiki, Mamboleo. Nywele zangu za mgongoni nilizivaa nilivyozoea, zimeachiliwa. Kufika saa nane nilikuwa nimezifunga kwa kamba ya zawadi niliyoifungua kwenye boksi la mtu. Nisameheni kwa yote niliyosema kuhusu blanketi.

#55 BodaKondele
Pole ya kweli. MsusiKibuye, hizo za mkono bila pakiti ni pesa ngapi? Naulizia mtu.

#56 MsusiKibuye
Mia tatu, zikiwa nyingi mia nne. Huyo mtu nywele zake ni ndefu kiasi gani?

#57 BodaKondele
Za mabegani. Dredi za miaka mitatu. Anaziweka chini ya helmeti kutwa na akiivua jioni maji yanamwagika kama kwa mfereji wa paa la bati.

#58 NyarDunga
BODAKONDELE!

#59 DrediNjoro
Mwambie huyo mtu asifunge fundo juu, helmeti haitakaa kichwani, akianguka imeruka. Mbili, kuteremka kisogoni, zitoke chini ya helmeti. Na aanike hiyo sponji ya ndani kila usiku.

#60 MsusiKibuye
Dredi sisuki matuta, nazigawa na kuzisokota, mia mbili. Aje Jumatatu asubuhi, Jumamosi nina maharusi. Na aje nazo zikiwa kavu.

#61 BodaKondele
Nitamwambia.